Habib Saleh: Kijana wa Ngazija aliyewafungulia darasa wasiotakiwa darasani

Kila ifikapo Mfungo Sita, maboti ya Mokowe hayatoshi. Watu wanatoka Mombasa, Malindi, Garsen, Tanga, Unguja, na wengine wanatoka Ngazija kwenyewe, wote wanaelekea Lamu kwa maulidi ya Riyadha. Vijana wengi, tuseme ukweli, hufuata mashindano ya punda na ya mashua, magoma na pilau. Sina ugomvi nao. Lakini mwaka fulani niliwauliza vijana watatu waliokaa nami botini: huyu Habib Saleh mnayemwendea ni nani? Wawili wakasema ni sharifu wa Lamu, mwenye karama. Wa tatu akasema ni Mwarabu aliyejenga msikiti.

Majibu hayo hayakunikera, ila yaliniacha na deni. Tunamwadhimisha mtu kila mwaka kwa matari na ubani, na habari yake hatuijui. Wiki hii nataka kulilipa deni hilo kidogo. Karama zake nawaachia wazee wa Langoni, ambao wanazijua kuliko mimi na wanazisimulia vizuri zaidi. Mimi nataka kumzungumzia Saleh mwanafunzi, aliyeteremka chomboni katika mji usio wake.

Jina lake kamili ni Saleh bin Alawi bin Abdallah Jamalulleyli. Hakuzaliwa Lamu. Alizaliwa Ngazija, kisiwa kikubwa cha Komoro, katika kijiji cha Singani. Waandishi wamepishana kuhusu mwaka wa kuzaliwa kwake. Wengine wameandika 1844 na wengine 1853. Ukoo wake ni wa masharifu wa Hadhramaut ambao, kwa mujibu wa nasaba zao, walifikia Pate karne nyingi nyuma, kisha wengine wakashuka kusini mpaka Komoro. Kwa hiyo kijana huyu alipokuja Lamu alikuwa kama anarudi karibu na mahali babu zake walipotia nanga mara ya kwanza. Lakini nasaba ni jambo la karatasi. Kwa macho ya mji alikuwa Mngazija, na Mngazija Lamu alikuwa mgeni.

Alikuja akiwa bado kijana, katika nusu ya pili ya karne ya 19, kwa ami yake Sayyid Ali bin Abdallah, aliyekwisha kufanya maskani hapo. Sayyid Ali alikuwa msomi na pia tabibu, mtu wa dawa za miti na visomo, na kwake huyo kijana alipata mambo mawili ambayo hakuyaacha mpaka kufa: kitabu na mgonjwa. Nasema hivi kwa sababu ukitaka kumwelewa Habib Saleh usiyatenganishe mawili hayo. Mwanafunzi mwingine angesoma nahau asubuhi, akajiona amemaliza. Yeye alisoma katika nyumba ambayo watu waliingia wakiwa na homa, wakiwa na watoto wasiolala, wakiwa na huzuni isiyo na jina, na kabla ya kuuliza mwenye nyumba ana elimu gani waliuliza kama atawapokea.

Na Lamu ya enzi hizo haikuwa mji wa kuchezea kielimu. Ilikuwa na wanavyuoni waliosafiri Makka na Hadhramaut, ilikuwa na washairi, ilikuwa na Sayyid Abubakar bin Abdulrahman, yule tumjuaye kwa jina la Sayyid Mansab, aliyefariki 1922 na ambaye tungo zake za dini kwa Kiswahili zinasomwa hadi leo. Kijana wa kuja akitaka kukaa safu ya mbele katika mji kama huo hakuwa na njia ya mkato. Ilibidi asome, asome tena, na ahudhurie darsa za watu ambao baadhi yao hawakuwa na haja naye. Alisoma fiqhi ya Imam Shafii, akasoma lugha, hadithi, tafsiri na tasawwuf. Alijipatia sifa ya msomi akiwa bado si mzee, na kwa mgeni hilo si jambo dogo. Wengi wangesimama hapo. Angeoa nyumba nzuri, akapewa mahali pa heshima kwenye baraza, na leo tusingekuwa na habari ya kuandika.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe.

Lamu ya wakati huo ilikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, na utajiri wake ulitoka mashambani bara na kwenye minazi ya kisiwani, na mashamba hayo yalilimwa na watumwa. Mji uligawanyika mitaa miwili mikubwa: Mkomani upande wa kaskazini, kwenye majumba ya mawe ya waungwana, na Langoni upande wa kusini, ambako baadaye walijaa watu wa kuja, Wahadhrami wa maduka madogo, Wangazija, Wabajuni, wagema, na watumwa waliokuwa huru na wasiokuwa huru. Kiukoo na kimali kila mtu alijua ngazi yake. Na elimu nayo ilikuwa na ngazi zake. Katika majumba makubwa kalamu ilikuwapo, hata kwa wanawake. Mwana Kupona alimwandikia binti yake utendi ule maarufu mwaka 1858. Lakini mtumwa alifundishwa kiasi cha kumwezesha kusali na kumtii bwana wake. Ziada ya hapo ilionekana haimhusu. Walikuwapo waliosema waziwazi kuwa kumsomesha mtumwa vitabu ni kuuharibu mji.

Wako watu wetu hapa pwani ambao wakisikia habari hii hukunja uso, kana kwamba nimewatukana babu zao. Sikuwatukana. Utumwa ulikuwapo, walioumiliki walikuwa Waislamu, wengi wa waliomilikiwa waliingia katika Uislamu, na sisi wa leo tumetoka pande zote mbili, wengi wetu pande zote mbili kwa wakati mmoja. Mtu akitaka kuificha habari hii hataweza kueleza kwa nini Habib Saleh alikuwa mtu mkubwa. Atabaki na karama tu.

Kwa sababu alichofanya huyu Mngazija ni kuhama. Aliondoka karibu na majumba ya mawe akaenda kukaa Langoni, pembeni ya mji, penye mchanga na vibanda vya makuti, akafungua darasa kwa yeyote aliyetaka kukaa. Waliokuja kukaa walikuwa ndio hao: watumwa, wana wa watumwa, wagema wa tembo, vibarua, Wahadhrami maskini walioshuka jahazini bila kitu. Aliwafundisha Qurani, kisha hakuishia kwenye Qurani. Aliwasomesha vitabu vilevile alivyosomeshwa yeye. Hapo ndipo penye uzito, naomba msomaji apaangalie. Kumfundisha mnyonge alif na bee ni sadaka ambayo hata tajiri mwenye majivuno huikubali, kwa sababu haibadilishi kitu. Kumpa mnyonge kitabu kile kile unachompa mwana wa bwana wake ni jambo jingine kabisa. Baada ya miaka kumi atakusahihisha.

Na haya yalianza kabla ya serikali ya Waingereza kufuta utumwa kisheria katika mwambao wetu, jambo lililokuja mwaka 1907. Hakungoja sheria.

Nitakuwa mkweli pia upande wa pili. Habib Saleh hakuwa mgeni wa kawaida. Alikuwa sharifu, wa nasaba ya Mtume, na mji ule uliokuwa tayari kumdharau kwa Ungazija wake ulilazimika kumbusu mkono kwa usharifu wake. Angekuwa kijana wa Kingazija asiye na ukoo, angefukuzwa mapema au angepuuzwa. Mtafiti wa Kimisri, Abdul Hamid el-Zein, aliyekaa Lamu na kuandika kitabu kilichotoka 1974, aliitazama habari hii kwa jicho kali. Alionyesha kuwa masharifu wa Riyadha nao waliishia kuwa na daraja yao juu ya watu, na kwamba mzozo ule ulikuwa pia mzozo wa nani awe na kauli mjini. Sioni sababu ya kumkasirikia. Mimi nasema hivi: wako masharifu wengi waliokuwa na mkono wa kubusiwa, na waliutumia kubusiwa tu. Huyu aliutumia kama ngao ya watu ambao hawakuwa na ngao.

Wakubwa wa mji hawakukaa kimya. Hoja yao kubwa iliyobaki katika kumbukumbu ni ya matari. Habib Saleh alikuwa akiandikiana barua na mwanachuoni mkubwa wa Seiyun, Hadhramaut, Habib Ali bin Muhammad al-Habshi, aliyefariki 1915, mtungaji wa maulidi ya Simtu Durar. Ni mtu ambaye Habib Saleh alimfanya shekhe wake kwa barua, bahari ikiwa katikati yao. Kwake alipokea maulidi hayo, na akayasoma Lamu kwa sauti, kwa kaswida na kwa matari. Kabla ya hapo mji ulizoea zaidi Barzanji, kisomo cha utulivu, ambacho mara nyingi kilisomwa katika nyumba na misikiti ya wenyewe, na mtu wa chini nafasi yake ilikuwa mlangoni. Sasa ghafla matari yakalia msikitini, na waliokuwa wakiyapiga na kuitikia walikuwa watu wa Langoni.

Wanavyuoni waliopinga walikuwa na hoja za kielimu. Suala la ngoma msikitini halikuanzia Lamu na halijaisha mpaka leo, na sitalimaliza mimi mwenye diploma yangu moja katika safu ya gazeti la mtandaoni. Wenye kulikataza wana dalili zao na wenye kuliruhusu wana zao. Lakini mtu akisoma vizuri habari za wakati ule ataona kuwa tari lilikuwa nusu tu ya kesi. Nusu ya pili ilikuwa mikono iliyolishika. Mtu aliyekuwa akipiga ngoma shambani usiku, ngoma ambayo bwana wake aliita ya kishenzi, sasa aliambiwa kwamba hamu yake ile ya sauti na mwili inaweza kumsifu Mtume wake mbele ya watu. Usimwambie mtu kama huyo kuwa tatizo ni hukumu ya chombo cha ngozi.

Pole pole, kuelekea mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, kibanda cha Langoni kikawa msikiti wa mawe, na msikiti ukaitwa Riyadha, kwa jina la msikiti wa shekhe wake kule Seiyun. Pembeni yake pakakua chuo. Wanafunzi wakaanza kuja kutoka nje ya kisiwa, kutoka vijiji vya bara na pwani ya chini, na wakilala palepale. Fikiria, msomaji wangu: miaka mingi kabla ya skuli ya bweni kujulikana kwa watu wetu wengi, pale Langoni palikuwa na mahali ambapo mtoto wa maskini aliweza kufika na kifurushi chake, akapata mkeka, chakula na mwalimu. Nani alilipa? Watu. Wafanyabiashara waliotoa nazaa, wavuvi walioleta samaki, wanawake waliopika. Mzee mwenyewe hakujilimbikizia mali. Sifa ya mkono wazi ni katika mambo ambayo wapenzi wake na wapinzani wake hawakubishana.

Na mlango wa utabibu haukufungwa. Alikuwa msomi mkubwa wa mji, lakini mwenye mtoto mgonjwa hakuhitaji kumwomba mtu ampeleke. Alisomea, aliandika makombe, alitoa dawa za miti alizofunzwa na ami yake. Leo tunazo zahanati, na mimi ni wa kwanza kumwambia mwenye homa ya malaria aende akapimwe damu. Lakini enzi hizo hospitali ya mtu wa Langoni ilikuwa ni hapo. Na nadhani mji ulimsamehe mengi kwa sababu hiyo. Ni vigumu kumchukia kwa muda mrefu mtu aliyekesha na mwanao.

Mambo ya mji nayo yalimsaidia, tusiyafiche. Baada ya 1907 mashamba yalikosa watu wa kuyalima, majumba makubwa yakaanza kupungukiwa, na baadhi ya waliokuwa wakiwatazama watu wa Langoni kutoka juu wakajikuta hawana ngazi ya kusimamia. Wakati huo huo Riyadha ilikuwa imekwisha kutoa kizazi cha watu wanaojua vitabu. Taratibu hata wana wa Mkomani wakaanza kuteremka Langoni kusoma. Sijui kama kuna ushindi mtamu kuliko huo kwa mwalimu: wapinzani wako kukuletea watoto wao. Na yeye, kwa yote tunayojua, aliwapokea kama alivyowapokea wale wa kwanza, wakakaa mkeka mmoja.

Zama zake hizo hizo, Mombasa kulikuwa na mwanachuoni mwingine mkubwa, Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa 1891 na kufariki 1947, ambaye mwaka 1932 alianzisha gazeti la Al-Islah. Sheikh al-Amin alitaka Waislamu waamke kwa kalamu, kwa skuli, kwa kuacha mambo aliyoyaona ni bidaa, na kwenye suala la ziara na maulidi ya matari njia yake ilikuwa mbali na ya Riyadha. Wafuasi wa njia mbili hizi bado wanarushiana maneno, siku hizi kwenye simu. Huwa nashangaa. Wawili hawa walikuwa na kilio kimoja: watu wa pwani wameachwa nyuma na elimu. Mmoja alikimbilia mtambo wa kuchapia, mwingine alikimbilia mkeka. Aliyejua kusoma alilisoma gazeti la Mombasa. Asiyejua alikwenda Langoni kufunzwa kusoma.

Kuna jambo moja ambalo linanifanya niandike haya sasa. Neno mgeni Lamu ya leo lina uchungu wake. Limo katika mambo ya ardhi, limo katika kazi za bandari, limo katika vitambulisho, limo katika siasa za kila uchaguzi. Wenyeji wana malalamiko ya haki, na mimi ni mmoja wa wanaoyaandika humu. Mtu aliyeporwa shamba la babu yake hawezi kuambiwa akae kimya kwa jina la ukarimu. Lakini nimesikia pia watu wazima, wenye kanzu na kofia za vito, wakisema mtoto wa fulani asipewe basari kwa sababu babu yake alishuka tu hapa. Babu yake alishuka tu hapa! Basi na tukahesabu ni nani mkubwa wa dini mjini mwetu ambaye babu yake hakushuka tu hapa. Huyo tunayemfungia safari kila Mfungo Sita alishuka tu hapa, na si babu yake, ni yeye mwenyewe, kwa miguu yake, na Kingazija mdomoni.

Na kwa upande wa wanaokuja, habari hii ina la kusema pia. Saleh hakuja Lamu kuchuma na kuondoka. Alijifunza mji. Alisoma kwa wanavyuoni wa mji kabla ya kujifanya mwalimu wa mtu. Alioa, akazaa, akazikwa hapo. Kipawa alichopewa na mji alikirudisha kwa wale ambao mji wenyewe ulikuwa umewasahau.

Alifariki katikati ya miaka ya 1930, mzee wa umri mkubwa, na uongozi wa Riyadha ukashikwa na mwanawe, Sayyid Ahmad Badawi, kisha wengine wa nyumba hiyo baada yake. Wanafunzi wa Riyadha walikwisha kutawanyika: huyu akafungua chuo bara, yule akawa imamu kijiji fulani cha pwani, mwingine akavuka kwenda Tanganyika. Simtu Durar ambayo ilizusha ugomvi Lamu, leo inasomwa harusini na misikitini toka Lamu mpaka Dar es Salaam, na mara nyingi wanaoisoma hawajui kuwa zamani ililetea watu uhasama.

Riyadha yenyewe imebaki na hazina ya miswada ya mkono, vitabu vya fiqhi, nahau, tasawwuf na mashairi, mingine ikiwa imeandikwa pembeni na wanafunzi kwa wino uliofifia. Miswada hiyo imepigwa picha moja moja katika mradi uliosaidiwa na Maktaba ya Uingereza, na picha zake zinaweza kutazamwa na yeyote mwenye intaneti. Nimekaa usiku kadhaa kuzipitia. Kwenye kurasa nyingi, katikati ya Kiarabu, unakuta mtu ameandika maana ya neno kwa Kiswahili, kwa herufi ndogo, ili asisahau. Baadhi ya waandishi hao hawakuweka majina yao. Kwa kujua darasa la Langoni lilikuwa la nani, mimi hujiuliza wangapi kati yao walizaliwa wakiwa mali ya mtu.

Mwaka huu, maulidi yakifika, zefe litatoka tena makaburini baada ya ziara, lipite ukingo wa bahari, lirudi Langoni. Wale vijana wangu watatu wa botini, kama mtasoma hapa, kaburi la kuulizia ni la Mngazija wa Singani.